"Nimesikia" ni Kwaheri

Ukitaka kumwona Madame amekasirika, mwulize mgonjwa mbele yake, "Umesikia?" Basi, imetosha. Ungeweza kuchelewa, ungeweza kusahau koti lako jeupe nyumbani, ungeweza hata kusinzia wakati anafundisha, naye angekutania kidogo na kukusamehe. Lakini neno hilo likikutoka, alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya kitenge, akakutazama kama mtu anayetazama sahani iliyokwisha kuvunjika.

"Bon," alisema. "Umemufukuza."

Mgonjwa bado alikuwa ameketi palepale, dawa mkononi. Sisi wanafunzi wa udaktari tulitazamana. Amefukuzwaje, na huyu hapa mbele yetu?

Ndipo Madame alipoeleza, na kila kundi jipya la wanafunzi lilielezwa upya, kwa maneno yaleyale na kwa furaha ileile. Kwetu Butembo, mashariki ya Kongo, kusikia ni neno lenye kazi nyingi. Unasikia kwa masikio, unasikia maumivu, unasikia njaa, na kama Kifaransa kinakuingia, unasikia Kifaransa. Tena ukiwa mtu uliyelelewa vizuri, mkubwa akikuuliza kama umesikia, jibu ni moja tu: nimesikia. Kumwambia hukusikia ni kumtukana, ni kusema hajui kueleza. Kwa hiyo unasema umesikia, unashukuru, unafunga dawa kwenye kona ya kitenge, unarudi nyumbani kuendelea na yale uliyokuwa ukifanya jana.

"'Nimesikia' hapana jibu, batoto," alisema Madame. "Ni kwaheri. Mutu anakuambia: uniache niende."

Namkumbuka kwa mengi mwanamke huyo. Lakini kwa miaka yote niliyomjua nilitaka kwake kitu kimoja tu, nacho ni kwamba ameze vidonge vyake. Alikuwa na presha, ambayo sisi tunaiita tansio, na yake ilikuwa ya kutisha. Ndiyo iliyomleta kwenye kituo cha afya hapo mwanzo, na ndiyo jambo pekee ambalo hakutaka mtu amfundishe.

Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi maisha yake yote, na ndiyo maana mji mzima ulimwita Madame, kama watoto wanavyomwita mwalimu wa kike darasani. Alipostaafu aliendelea kutembea na chaki mkobani. Siku moja kichwa kilimuuma, akapanda kilima hadi kwenye kituo chetu, akaketi kwenye benchi na wagonjwa wengine. Kila asubuhi, kabla ya matibabu kuanza, muuguzi mmoja husimama mbele ya mabenchi na kutoa causerie, yaani mazungumzo ya kuwaelimisha watu juu ya malaria, chanjo, maji safi na mengineyo. Muuguzi wa siku hiyo alikuwa na haraka. Alisoma bango la vyandarua kwa Kifaransa, mgongo umegeukia watu, akauliza kama wamesikia. Benchi lote likaimba, "Tumesikia!"

Madame hakuweza kuvumilia. Alisimama na kichwa chake kinachouma, akatoa chaki, akachora mbu mkubwa kwenye ukuta wa saruji. Muuguzi mkuu wa kituo, ambaye kwetu huitwa Titulaire, alitoka mbio kuona ni nani anayemchafulia ukuta. Alikuta wazee na akina mama wameinua mikono, kila mmoja akiomba yeye ndiye aulizwe. Alisubiri mpaka somo likaisha. Kisha akampima Madame tansio, akashtuka, akampa vidonge, akamwomba arudi kesho yake. Madame alikubali yote mawili. Kesho yake alirudi. Habari ya vidonge ni nyingine.

Kwa hiyo akawa mwelimishaji wa kituo, na baadaye akawa mwalimu wetu. Chuo kikuu kilichokuwa kinatupeleka hospitali kuu peke yake kilibadili mawazo. Walisema wagonjwa wengi wa nchi hii hawafiki hospitali kuu, wanaishia kwenye kituo cha kilimani. Basi daktari ajifunzie huko pia, akae na wauguzi, wakunga na waelimishaji, nao wahesabiwe kuwa walimu wake kamili na wampe alama. Uamuzi huo haukumfurahisha kila mtu. Profesa mmoja alinung'unika ukumbini kwamba sasa madaktari watafundishwa na mwalimu wa darasa la nne. Maneno kwetu hayana haja ya pikipiki; kabla ya jua kuchwa yalikuwa yamempata Madame.

"Na yeye, nani alimufundisha kusoma?" aliuliza. "Shi ni mwalimu wa primaire? Ao alizaliwa na diplôme?"

Usidhani alikuwa mnyenyekevu. Madame alijipenda, tena sana. Mwanzoni alikataa koti jeupe, akasema yeye si mfanyakazi wa duka la nyama. Wiki ile wanafunzi walipokuja mara ya kwanza, alimwendea Titulaire akataka koti. Alipopewa, alilipeleka kwa fundi mshonaji, likarudi limebanwa kiunoni, limeinuliwa mabegani, na lina mifuko miwili ya chaki, mmoja wa nyeupe, mwingine wa rangi. Titulaire aliliangalia kwa wivu wa wazi. Alisema koti lile halimo katika sheria za wizara. Madame akamjibu kwamba hata tumbo lake yeye halimo.

Wawili hao waligombana kila siku iliyoumbwa na Mungu, na walipendana kama watu waliokula chumvi pamoja. Titulaire alikuwa mtu wa utaratibu: kila mgonjwa kwa zamu yake, kila dawa mahali pake. Madame alikuwa mtu wa zogo. Darasa lake la asubuhi lilipita muda, watu walicheka kwa nguvu, na ukiita "Kambale!", jina lililojaa kwetu, ili mwenyewe aingie ndani kutibiwa, nusu ya wanaume walisimama na hakuna aliyetaka kwenda kabla hajajua mwisho wa hadithi. Titulaire alikuja mlangoni, akagonga saa yake kwa kidole. Madame alimwambia aketi, naye mara nyingi aliketi.

Asubuhi yetu ya kwanza tuliwekwa kwenye benchi pamoja na wagonjwa, makoti yetu yamepigwa pasi. Tulikuwa na mwenzetu kutoka Kinshasa, kijana mrefu mwenye viatu vinavyong'aa, tuliyemwita Kinois. Lingala yake ilikuwa tamu, Kifaransa chake kilitutoa jasho, Kiswahili chake alikuwa amekiokota njiani. Madame alimwita mbele amhoji mzee mmoja aliyekuwa anaumwa tumbo. Kinois alijikohoza.

"Muzee, unasikia wapi?"

Alitaka kujua maumivu yako wapi. Mzee alifikiri kwa heshima zote, kisha akashika masikio yake mawili.

"Na masikio, Docta."

Benchi lilianguka kwa kicheko. Kina mama walijipiga mapaja. Kinois alibaki amesimama, uso umewaka, hajui kosa liko wapi. Madame peke yake ndiye hakucheka.

"Muzee amejibu muzuri," alisema, kwa Kiswahili chetu ambacho ndiyo na ndipo zote ni njo. "Ni swali njo iko na njaa. Ulishe swali kwanza, mutoto. Maumivu, tumbo, wapi. Njo utapata jibu yenye kushiba."

Kinois hakusahau. Alipomaliza muda wake kwetu alikuwa anahoji wagonjwa vizuri kuliko sisi wenyeji, kwa sababu sisi tulidhani lugha ni yetu na hatukuilisha. Alijua hata Kinande, lugha ya wenyeji, cha kununulia viazi, na asubuhi alisalimia benchi zima, "Mwavukire!", kwa lafudhi iliyowafurahisha bibi zetu mpaka wakaanza kumletea parachichi.

Zamu yangu ilikuja na mtoto anayeharisha. Nilimweleza mama yake kila kitu: maji yaliyochemshwa, sukari, chumvi, kijiko kwa kijiko, na anyonyeshe bila kuacha. Nilieleza vizuri, nilijisikia mwenyewe nikieleza. Nikamaliza kwa neno lile. Madame akavua miwani.

Alipokwisha kuifuta, alisogeza kiti karibu na yule mama. "Mama Kahindo, ukifika kwa nyumba, utaambia nani? Na utamuambia nini?"

Hilo ndilo swali lake. Hakuwa na jingine, na lilimtosha. Yule mama aliangalia chini.

"Nitaambia mama-mukwe. Yeye njo iko na fungulo ya sukari."

"Na mama-mukwe iko wapi?"

"Iko inje, kwa mulango. Tulikuja naye."

Mama mkwe alikuwa ameketi langoni muda wote, mwavuli magotini, anatungoja. Nilikuwa nimemfundisha mtu asiye na sukari, na mwenye sukari alikuwa anahesabu mawingu. Aliitwa, akaelezwa, akaulizwa naye atamwambia nani. Alisema atamwambia mwanawe asiguse sukari ya mtoto kwa ajili ya chai yake. Tangu siku hiyo sijapata kumtibu mtoto bila kuuliza funguo ziko kwa nani.

Sasa msije mkadhani Madame alikuwa hakosei. Alikosea, na alikosea kwa sauti kubwa. Alifundisha benchi zima kwamba homa ya matumbo inaletwa na baridi ya asubuhi, akawashauri watu wajifunike shingo. Nilimwambia faraghani kwamba ni maji machafu na mikono michafu. Shingo haina hatia. Alibishana nami siku hiyo, akabishana kesho yake, akamwita Titulaire awe shahidi, na Titulaire, kwa furaha iliyokuwa inamtoka machoni, alishuhudia upande wangu.

Jumatatu alisimama mbele ya watu. "Batu ya Mungu," alisema, "mimi niliwadanganya." Akaeleza upya habari ya maji na mikono. Kisha akaandika jina lake ukutani, na pembeni yake sifuri kubwa yenye nukta katikati, zéro pointé, ile ambayo zamani aliwapa watoto wasioandika hata tarehe. Watu walipiga makofi. Kilichofuata hatukukitegemea: mzee mmoja alisimama akaungama kwamba chandarua alichopewa na kituo kinalinda vifaranga vyake. Mwingine akasema chake kinalinda vitunguu. Mama mmoja alisema yeye anacho kitandani, ila mume wake hulala sebuleni kwa sababu anaona kama kinamfunga pumzi. Titulaire, ambaye kwa muda mrefu alikuwa akipeleka taarifa nzuri sana kuhusu vyandarua, aliingia ofisini kwake akafunga mlango.

Hata kanisani Madame alibaki mwalimu. Aliketi mstari wa mbele, akamwangalia mchungaji kwa makini, na mchungaji akiruka mstari wa Biblia alisikia kikohozi kidogo kutoka pale. Katika kwaya aliimba sauti ya pili na kuwaongoza wa sauti ya kwanza. Alipenda wimbo mrefu, mahubiri mafupi, na samaki wa chumvi.

Hapo ndipo penye tabu. Samaki wa chumvi, makayabo, alikuwa udhaifu wa Madame. Asubuhi alilifundisha benchi juu ya tansio bila huruma: chumvi kidogo, punguza mafuta, meza dawa kila siku hata ukijisikia mzima, kwa sababu tansio haipigi hodi. Alichora moyo ukutani na mishipa yake, akaupaka chaki nyekundu. Watu walitoka pale wakiogopa kibuyu cha chumvi. Jumapili, baada ya ibada, alitualika kwake mimi na Kinois, na tulipofika langoni harufu ya makayabo yanayochemka na nyanya ilitupokea kabla yake.

Tulikula. Sitasema uongo, yalikuwa matamu, na bugali ilikuwa ya moto, na sombe, kisamvu cha kwetu, lilikuwa limetwangwa na mtu anayejua. Lakini katika kabati la vioo, katikati ya vikombe vya harusi, niliona pakiti za vidonge zimepangwa vizuri kwa mstari. Hazikuwa zimefunguliwa. Nilizijua kwa rangi.

"Madame, hizi dawa?"

Alitazama kwanza mlango wa jikoni, ambako bintiye wa mwisho alikuwa anaosha sufuria na wajukuu wanapiga kelele. Alijibu chini chini, "Ni yangu."

"Unameza?"

"Naichunga muzuri."

Kinois aliweka kijiko chini. Alimweleza habari ya mishipa, ubongo, mwili unaoweza kufa upande mmoja, kwa Kiswahili ambacho sasa kilikuwa kimeshiba kweli. Hata mimi niliogopa. Madame alimsikiliza mpaka mwisho, akatabasamu vizuri sana, akamsogezea bakuli.

"Nimesikia, Docta," alisema. "Ongeza samaki."

Alijua anachofanya. Hilo ndilo lililoniudhi. Njiani kurudi nilikuwa na hasira ya kulia, na Kinois alikuwa akirudia peke yake, "Kwaheri, ametuambia kwaheri, yule mama."

Bintiye alituambia siku nyingine kwamba zile pakiti ni za kituo, mama anazihifadhi kwa sababu stoo inavuja. Hatukumsahihisha. Mganga hajigangi, wahenga walisema, lakini wahenga hawakulazimika kumwona mganga kila asubuhi akichora moyo ukutani kwa chaki nyekundu. Tulijaribu kila njia. Kinois alimwandikia mashairi ya vidonge. Mimi nilimletea lengalenga, yaani mchicha, na ndimu ili asahau chumvi. Titulaire alichoka akamtupia methali mbele ya watu wote: "Sikio la kufa halisikii dawa, Madame!"

"Sikio linasikia sana," alijibu. "Ni kinywa njo kinakataa."

Benchi lilicheka, naye akafurahi kwamba limecheka, na somo likaendelea. Ndivyo alivyokuwa anatoka katika kila mtego. Nilimpenda na nilitamani kumtikisa mabega, yote kwa wakati mmoja.

Sasa mimi ni daktari mjini Beni, katika kituo kimoja cha mtaa wa Beu, karibu na soko. Kinois yuko kwao, ananiandikia kwamba amepiga marufuku "Umesikia?" katika hospitali nzima na wauguzi wanamwona ana kichaa. Kwetu hapa benchi ni refu kuliko lile la Butembo. Kuna wake za askari wanaoongea Lingala, kuna wauza ndizi, kuna watu waliokimbia vita kutoka kusini, Kanyabayonga na vijiji vyake, wanaoishi kwa ndugu au katika vyumba vya kupanga nyuma ya soko. Wanafunzi wanakuja kwangu kama sisi tulivyokwenda kwa Madame. Nina wauguzi wazuri. Mwelimishaji sina, aliyekuwepo alimfuata mumewe Bunia.

Siku moja niliita jina lililofuata, la mwanamke, jina nisilolitambua. Aliyeingia alikuwa Madame. Miaka yote ile sikuwahi kuwa na haja ya kulijua jina lake.

Alikuwa amepungua. Koti la fundi hakuwa nalo, lakini mkoba ulikuwa uleule. Alinikumbatia, akanishika shavu, akasema, "Kavira yangu, umekuwa munene, asante Mungu," halafu akaketi upande wa mgonjwa, na hilo peke yake lilinitia baridi. Bintiye alikuwa amehamia Beni, akamwita mama yake aje waishi pamoja. Kisha mkwewe, ambaye ni mtumishi wa serikali, akahamishiwa Kisangani, wakaondoka wote na watoto, wakimwachia nyumba mpaka watakapotulia na kumwita.

"Na kimekuleta nini leo, Madame?"

Alitoa chaki mkobani, akaishika kama anataka kuandika. Ikamtoka vidoleni, ikaanguka mezani, ikavunjika.

"Angalia," alisema. "Mukono ya kuandika. Tangu juzi asubui, hapana kutii."

Nilimpima. Sitaki kuitaja ile tansio. Nilimchunguza mkono, uso, miguu; lilikuwa onyo tu la kiharusi, mlango ulikuwa haujafungwa bado. Nilimwambia ukweli wote. Nilimwambia angeweza kupoteza mkono, na kauli pia, na kwamba kidonge kimoja kila asubuhi kingeweza kuvizuia vyote viwili. Nilieleza kwa moyo wangu wote, na hofu ilinijaa kiasi kwamba nilipofika mwisho neno lile likanitoka lenyewe.

"Umesikia, Madame?"

Nilisubiri avue miwani. Hakuivua. Alichukua dawa, akaifunga kwenye kona ya kitenge, akasimama.

"Nimesikia, Docta," alisema kwa adabu. "Asante sana."

Hakunitania. Alikuwa ananiaga kweli. Niliruka nikasimama mbele ya mlango na koti langu, wagonjwa wa nje wananichungulia.

"Hapana, Madame. Hapana kwaheri. Ukae." Akaketi. Nami nikaketi karibu yake, upande wake wa meza. "Ukifika kwa nyumba, utaambia nani? Na utamuambia nini?"

Alitazama vipande vya chaki mezani. Nilikuwa nimemsikia akiuliza swali hilo kila asubuhi, na sikuwahi kuwaza kwamba lingeweza kumwumiza mtu.

"Kwa Butembo nilikuwa na nyumba ya kujaa batu," alisema mwishowe. "Sikuambia hata moya. Niliona aibu. Madame wa kituo, na yeye mugonjwa? Kama wangeniona nameza, wangejua. Donc nilichunga tu. Nilisema, nitaambia kesho." Alicheka kidogo. "Sasa nataka kuambia, Kavira. Hapana mutu. Naamuka, naona dawa, dawa inaniona. Hapana mutu."

Machozi yalinishuka, wala sikuyaficha. Yeye hakulia. Alikuwa amenyoosha mgongo kama mwanafunzi aliyekwisha kujibu na anangoja alama.

Sikuwa na la kufundisha. Nilimshika mkono ule mzito, nikamtoa nje, nikamsimamisha mbele ya benchi. Nilisema, "Batu ya Mungu, huyu alikuwa mwalimu yangu. Leo iko na kintu ya kuwaambia." Alinitazama kwa jicho ambalo watoto wote wa darasa la nne wangelitambua. Kisha akawageukia watu, na sauti ikarudi, ileile, hata wa kule nyuma wakanyamaza.

Aliwaambia. Aliwaambia tansio ni nini na chumvi inafanya nini, akawaambia juu ya kabati la vioo na vikombe vya harusi. Alitaka kuandika ukutani, mkono ukakataa, akaniomba nimwandikie: sifuri, na nukta katikati. "Kwa tansio, hiyo njo point yangu," alisema. "Niko na dawa. Mutu ya kuambia njo sina."

Watu hawakucheka. Mwanamke mmoja mnene, mwenye shali ya kijani, alisimama polepole. Nilimjua: alikimbia Kanyabayonga na wajukuu, na kila mwezi anakuja kuchukua dawa zake za tansio, ambazo humeza bila kukosa kwa sababu, anasema, hana nafasi ya kufa.

"Madame, unalala wapi?"

"Nyuma ya soko. Nyumba ya mulango bleu."

"Mimi pia nyuma ya soko. Kesho nitapita mbele ya kwenda kuteka maji. Nitagonga. Hapana kukuuliza kama umesikia. Utameza mbele yangu, kisha utafungula kinywa, nione lulimi."

"Lulimi?"

"Lulimi."

Benchi sasa likaangua kicheko. Madame alimwangalia yule mama kuanzia shali mpaka kandambili. Kisha akanigeukia, kwa sauti ya kutoa amri.

"Docta, huyu umuweke kati ya bawalimu."

Kesho yake nilipita nyuma ya soko kabla ya kazi, nikajidanganya kwamba naenda kununua mkate. Mwenye shali ya kijani alikuwa amekwisha ingia, mtungi wake umesimama nje ya mlango wa buluu. Nilimsikia Madame akilalamika kwamba maji ni ya baridi, kwamba kidonge ni kikubwa, kwamba kwa Butembo watu walikuwa na heshima. Kikombe kikawekwa mezani. Kisha nikasikia sauti ya yule mama, bila haraka yoyote.

"Fungula tena. Chini ya lulimi sijaona."